Neno Lililogeuza Kanisa

Kanisa letu halijapinda. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu kuanzia Kasongo mpaka Kabambare watu wanasema limepinda, na mwenye pikipiki akitaka kukushusha kijijini kwetu atakuuliza, "Ni pale kwa kanisa la shingo upande?" Kuta zake zimesimama wima. Nimezipima kwa timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni. Pembe zake nne ni za mraba. Hizo nazo nimezipima, kwa kamba yenye mafundo, tatu kwa nne kwa tano, kama mafundi wanavyofanya. Kosa lake ni jingine: limegeukia pasipo pake. Nyumba zote za kijiji zimejipanga kufuata barabara, shule pia, zahanati pia, na katikati yao kanisa limesimama mshazari, kama mtu aliyeitwa na mwingine wakati wenzake wanapigwa picha.

Ni jengo dogo la matofali ya kuchoma. Kuta zimepakwa udongo mweupe mpaka usawa wa kifua, na juu ya hapo matofali yako wazi. Madirisha hayana vioo. Fundi aliyapanga matofali kwa kuacha nafasi, moja hapa moja pale, hivi kwamba asubuhi mwanga unaingia vipande vipande na kulala sakafuni kama jamvi la rangi mbili. Paa lilikuwa la majani, sasa ni la mabati. Meza ya Bwana iko juu ya ngazi moja ya saruji, na kisima cha ubatizo ni beseni iliyokaa juu ya nguzo fupi ya matofali. Kengele ni ringi ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye miti miwili nje ya mlango, na sauti yake inafika mbali kuliko kengele ya kununua. Lakini kitu kizuri kuliko vyote ni msingi. Umetokeza juu ya ardhi mpaka magotini, mawe meusi ya kijitoni, ya duara, kila moja kubwa kama kichwa cha mtu, yamepangwa kwa uangalifu ambao sijauona kwenye jengo lolote la serikali katika wilaya hizi mbili.

Mimi niliwahi kusoma habari kwenye redio ndogo mjini Kasongo. Kazi ile ilinifundisha kuuliza nani, wapi na kwa nini, na kutoridhika na jibu la kwanza. Mtambo ulipoharibika ukakosa wa kuutengeneza, nilirudi kijijini, nikapata darasa la kufundisha, nikaishi na baba, ambaye alikuwa amebaki peke yake baada ya mama kufariki. Baba ndiye aliyekuwa katekista wa kwanza wa Kianglikana hapa kwetu. Watu wanamwita Mwalimu mpaka leo. Alianza na Kitabu cha Sala kimoja na familia chache za wakulima, wakisali chini ya kibanda cha majani, halafu akasimamia ujenzi wa kanisa. Kwa hiyo anayelicheka kanisa anamcheka yeye, na nimekua nikisikia kicheko hicho.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini kanisa limekaa vile. Alisema, "Kiwanja kilikuwa vile." Nikakubali. Nilipokuwa mkubwa nilikizunguka kiwanja nikihesabu hatua, nikaona ni uwanja mpana, tambarare, ambao ungeweza kubeba kanisa kwa upande wowote. Nikarudi kwake. Akasema, "Ni upepo, mama. Mvua ingeingia mlangoni." Baba huniita mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nikachunguza mvua majira mawili mazima. Kwa mlango ule ule, mvua inaingia mpaka benchi la tatu. Nilipomwambia, alifikiri kidogo, akasema alikuja mpimaji wa serikali. Hakuna mzee hata mmoja kijijini anayemkumbuka mpimaji huyo.

"Baba, hakukuwa na mpimaji."

"Basi ilikuwa upepo."

Mtu anaweza kuishi na kero ya namna hiyo kwa miaka, kama anavyoishi na mlango unaokwaruza sakafu. Kisha akaja pasta mpya.

Alikuwa kijana mpole, ametoka tu chuo cha theolojia. Jumapili yake ya pili, kabla ya Nasadiki, alitoa simu mfukoni. Ilikuwa na dira ndani yake. Akaiweka kiganjani, akaizungusha, akakunja uso.

"Wapendwa," alisema, "Imani yetu tunaitamka tukiangalia mashariki, Bwana atakapotokea. Na mashariki si huku." Akanyoosha mkono kwenye ukuta wa kulia. "Ni huku."

Tukageuka wote, kwa sababu pasta amesema. Tukajikuta tumetazama madirisha yale ya matofali, na kupitia nafasi zake, upande wa pili wa uwanja, tukaona vyoo vya shule. Tukatamka Imani nzima, kuanzia muumba wa mbingu na nchi, tukiangalia vyoo vya shule. Nyuma yangu mtu mmoja alikuwa anakohoa kwa namna ya kuficha kicheko. Baba alikuwa benchi la mbele. Yeye hakugeuka.

Kuanzia Jumapili ile, kilichokuwa mzaha kikawa mada ya kikao. Na kwa bahati mbaya kulikuwa na ufa. Unaanzia kwenye kona ya kulia karibu na meza ya Bwana, unapanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali mpaka karibu na paa, na mahali pengine kidole kinaingia. Mwenyekiti wa komite ya parokia, ambaye ana duka la chumvi na sabuni pale njia panda, aliunganisha mambo hayo mawili kwa sentensi moja: kanisa linapasuka kwa sababu limegeuka. Dawa ni kulibomoa na kujenga jingine lililonyooka. Matofali mazuri yatatumika tena, na mawe ya msingi yatahamishiwa kwenye msingi mpya, kwa kuwa mawe ya namna ile hayapatikani tena karibu. Wachimba dhahabu wamekigeuza kijito juu chini, na kilichobaki ni matope na mashimo.

Komite ingeamua mwezi unaofuata, kisha faili lipelekwe kwa Shemasi Mkuu, ambaye ndiye mkubwa wa parokia zote za upande huu. Faili lilihitaji ukurasa mmoja wa historia ya kanisa. Nikapewa mimi, kwa sababu niliwahi kusoma habari redioni.

Niliipokea kazi ile kwa furaha ambayo sasa inanichekesha. Niliamini kwamba nikieleza vizuri kwa nini ukuta umepasuka na kwa nini jengo limekaa vile, watu wataelewa na kuliacha. Nilianza na ufa, kwa kuwa ufa hausemi uongo. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha nilijifunika mfuko wa plastiki, nikasimama nje kwenye kona ile. Maji yote ya upande mzima wa paa yalikuwa yanateremkia pale pale, kwa sababu bati la mwisho limeinama, na yalikuwa yamechimba shimo la ukubwa wa sufuria ya harusi. Chini ya shimo udongo ulikuwa umeondoka, na mawe mawili ya msingi yalikuwa yananing'inia. Ukuta ulikuwa umekosa pa kukanyaga. Kulihitajika mfereji chini ya paa, kokoto kwenye shimo, na siku tatu za kazi.

Nikaenda dukani kwa mwenyekiti nikiwa bado nimelowa.

"Ni maji," nilimwambia. "Si mwelekeo. Hata lingeangalia mashariki lingepasuka."

Alikuwa anakata mche wa sabuni kwa waya. "Mama, weye ulisomea umasoni, ile kazi ya kujenga?"

"Hapana."

"Njo vile," akasema, kwa maana ya ndiyo hivyo basi, akaendelea kukata.

Nilimwendea pasta. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema jambo hilo ni la kuombea.

Kikabaki kile kingine, mwelekeo. Baba alishikilia kiwanja, siku nyingine upepo. Nikaamua kumtafuta fundi. Nilijua mambo mawili tu juu yake: kwamba alitoka Kasongo mjini, na kwamba alikuwa Mwislamu, wa zile familia za zamani za mjini. Nilipanda pikipiki asubuhi, nikafika Kasongo nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno, nikauliza sokoni mara tatu, nikaonyeshwa baraza la duka la misumari na bawaba. Mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe alikuwa anakunja mkeka wake, ametoka kuswali adhuhuri. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani.

"Mutoto wa Mwalimu!" Alinishika mikono yote miwili. "Ile kanisa yangu iko imesimama?"

"Imesimama, mzee. Lakini wanataka kuibomoa."

"Imeanguka?"

"Hapana. Wanasema imegeuka."

Uso wake ulibadilika kabisa. Alikuwa amekasirika, kama mpishi aliyeambiwa chakula chake hakina chumvi. "Imegeuka? Nani anasema? Nilipima mimi mwenyewe! Ile iko sawasawa na musikiti ya hapa. Enda upime! Enda sasa hivi, mimi nakungoja."

"Sawasawa na msikiti?"

"Sasa sawasawa na nini tena?" Alinitazama kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Baba yako mwenyewe alisema. Alisema, fundi, ile meza ya kuombea uiweke kibula. Nikamuuliza, Mwalimu, kibula? Akasema kibula. Nikauliza tena. Kibula. Nikasema moyoni, Wakristo wa huku wako na adabu."

Kalamu ilikuwa mkononi na daftari liko wazi magotini, nami nilikuwa naliona jambo zima. Baba si mtu wa mjini. Alikulia shambani, na habari za msikiti alizijua kwa mbali, kwa kusikia adhana siku za soko. Alipata fundi Mwislamu, akataka kumpa heshima kwa kusema naye lugha ya dini yake. Kwa hiyo badala ya kusema mashariki, neno ambalo kila mtoto analijua, akasema kibula, akidhani ndilo jina la Waislamu la upande jua linapotoka. Na fundi, mtu mwaminifu, akaelekeza kanisa la Kianglikana Maka, ambako Waislamu huelekea wakiswali.

"Yeye hakuona mlipoanza kuchimba?"

"Hakuwako. Alinionyesha uwanja, akapanda baiskeli, akaenda Kabambare kufundisha watu wa ubatizo. Kurudi, msingi tayari." Mzee alisimama ili anionyeshe. Akashika usukani wa baiskeli ambayo haikuwepo. "Akateremka hivi. Akaangalia jua. Akaangalia msingi. Akaangalia jua tena. Nikamwambia, ulisema kibula. Akasema, kibula haiko kule jua linatoka? Nikamwambia, ndugu yangu, sisi hatuombi jua!"

Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na mwanawe akatoka dukani kuangalia kuna nini.

"Nilimwambia nitachimba upya," aliendelea alipopata pumzi. "Sikutaka anilaumu. Akasema, na mawe? Yale mawe wanawake wa kanisa walikuwa wameyatoa kijitoni kwa kichwa. Kupanda kile kilima, mama, weye unakijua. Na wameyapanga kwa mikono yao, kila mutu mawe yake, mama yako mumoja wao. Baba yako akasema, nikiwaambia watoe, nitawaambia kwa sababu gani? Kwa sababu mimi sikujua neno? Akanishika mkono, akasema, tusiseme."

"Nawe ukanyamaza miaka yote hii."

"Na mimi ningesema nini kwetu? Kwamba nimewapa Wakristo kibula? Wangeniita imamu wa Waangilikana mpaka kaburini."

Nilikwenda kupima. Nilisimama barabarani, nje ya ukuta wa msikiti, simu kiganjani, watu wakinipita na baiskeli zao na kunitazama. Nilikuwa nimeandika kipimo cha kanisa letu kwenye jalada la daftari. Tofauti ilikuwa nyuzi moja, na hiyo huenda ni ya simu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na kadiri barabara ilivyozidi kuwa mbaya ndivyo hasira ilivyozidi kupata sura. Nilikuwa nimepata jibu, kamili, lenye shahidi na kipimo, na halikunisaidia kitu. Nikilificha, baba anabaki mjinga ambaye hakujua jua linatoka wapi. Nikilisema, mwenyekiti atasema tumekuwa tukisali kwenye msikiti, na kanisa litakuwa chini kabla ya chakula cha mchana.

Baba alikuwa uani akimenya mihogo.

"Umeenda kwa fundi," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimeenda."

"Bado anakohoa?"

"Baba, ulijua. Ulijua tangu siku ile ya baiskeli."

Alimenya muhogo mzima mpaka mwisho, akautia katika maji. "Andika kiwanja kilikuwa vile."

"Siandiki uongo."

"Basi andika Mwalimu alikuwa mujinga. Lakini fundi umutoe. Na ile neno uitoe."

"Neno lenyewe ndiyo historia! Nikilitoa, ninabakiwa na nini? Kanisa lilijengwa, likageuka?"

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na mimi, "unataka kuokoa kanisa ao unataka kusoma habari?"

Swali hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Siku mbili hatukuzungumza zaidi ya "maji yamechemka" na "funga mbuzi". Siku ya tatu niliandika. Niliandika ukurasa mmoja kama nilivyoagizwa, bila kupamba. Niliandika mvua na ufa na shimo. Niliandika mawe ya kijitoni na wanawake. Niliandika kwamba katekista alitumia neno kibula akidhani maana yake ni mashariki, kwamba fundi alifanya alivyoambiwa, na kwamba katekista aliporudi aliuacha msingi jinsi ulivyo ili wanawake wasibebe mawe mara ya pili. Sikuandika jina la mtu yeyote. Hasira haikuwa imeisha, lakini ukurasa ulikuwa wa kweli.

Komite ilikaa Jumapili baada ya ibada, ndani ya kanisa, na kama kawaida yetu waumini wote walibaki kusikiliza. Nilisoma. Nilipofika kwenye neno lile, kijana mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunasali musikitini?"

Kicheko kilizunguka kanisa lote. "Njo maana imamu wao alitusalimia vizuri sana Krismasi!" mwingine akadakia. Mwenyekiti aligonga meza. Nilimaliza kusoma, pamoja na habari ya mfereji na kokoto, katika makelele.

Kikafuata kitu ambacho nimejaribu kukielewa na nimeshindwa. Kwa muda mrefu, wa kutosha kufunga mfereji wenyewe, komite ilijadili neno kibula. Je, linaweza kuandikwa katika karatasi ya kanisa? Mmoja alitaka liandikwe "upande". Mwingine akasema tuandike "mwelekeo wa zamani". Pasta alisema kwa upole wake kwamba, kusema kweli, habari hii inaongeza sababu za kubomoa. Hakuna aliyetaja maji. Niliinua mkono mara tatu. Mara ya tatu mwenyekiti aliniambia, "Mama, weye umeshasoma." Kisha akamgeukia baba.

"Mwalimu, tuambie mwenyewe. Hii mambo iko kweli?"

Baba alisimama taratibu, akishikilia benchi. Aliniangalia. Akaangalia ukuta wenye ufa.

"Kiwanja kilikuwa vile," akasema, akaketi.

Nilijisikia kama mtu aliyesukumwa kutoka nyuma. Mbele ya kanisa zima, baba yangu alikuwa amenifanya mwongo ili amlinde fundi ambaye mwenyewe alikuwa amenieleza yote huku akicheka. Nilianza kukusanya karatasi zangu.

Hapo akasimama Mama Prezidanti. Ndivyo tunavyomwita mkuu wa umoja wa wanawake, bibi mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Hakuomba ruhusa.

"Mwalimu, ile uongo utaiacha lini?"

Watu wa mabenchi ya nyuma wakainuka ili wamwone.

"Sisi tulijua," alisema. "Jumapili mbele ya kuanza kazi, si weye ulituambia hapa kwamba kanisa itaangalia jua linapotoka? Sasa asubuhi tunapanga mawe, jua inatupiga hapa." Alijipiga shavu la kulia. "Haikutupiga machoni. Sisi hatuna macho? Tulisema, fundi amekosea. Nikataka kumwita. Unajua nani alinikataza? Bibi yako." Akanyoosha kidole mahali mama alipokuwa akiketi, benchi la nne upande wa dirisha. "Alisema, funga kinywa, weye. Ukisema watatuambia tuyatoe, na mawe iko nzito. Mwalimu hataona, yeye anaangalia kitabu."

Watu walicheka tena, lakini kicheko kingine. Baba hakucheka. Alikuwa amegeuza kichwa, anatazama benchi la nne.

Mama Prezidanti alikuwa hajamaliza. Alimgeukia mwenyekiti. "Na weye. Umesema mawe utayahamisha. Mawe ya nani? Langu liko pale, chini ya dirisha ya pili, liko na doa jeupe. Nilipanda nalo kilima mimba ikiwa ya miezi saba. Mubomoe kama munataka. Lakini siku ile tutakuja wanawake wote, wale wamekufa watakuja watoto wao, kila mutu achukue jiwe lake, alipeleke kwake. Halafu mujenge juu ya hewa."

Alikaa. Wanawake wawili wazee karibu naye wakaanza, kwa sauti ya chini, kuambiana mawe yao yako wapi.

Mwenyekiti alitazama msingi, kama vile mtu anaweza kuuona kutoka ndani. Alinong'onezana na pasta. Kisha akatangaza kwamba suala la kubomoa limeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Haijatangazwa tena.

Natamani kusema kwamba kweli ilishinda. Ukurasa wangu ulirudishwa ukiwa umekatwa kwa wino mwekundu, na historia iliyokwenda kwa Shemasi Mkuu ina mistari sita. Inasema kanisa lilijengwa na Wakristo wenyewe kwa mawe ya kijitoni. Kibula halimo. Fundi hayumo, kama baba alivyotaka. Mvua haimo, ufa haumo, na juu ya mfereji hakuna uamuzi uliopitishwa, kwa sababu, nilivyoambiwa, haukuwa kwenye ajenda. Jumapili, wakati wa Nasadiki, nusu ya waumini wanageuka kulia na kutazama vyoo vya shule pamoja na pasta, na nusu nyingine wanabaki wakiangalia mbele, na kila nusu inasema maneno kwa nguvu kidogo zaidi ili isikike kwa wenzao.

Wiki iliyofuata kikao kile nilikata mwanzi mkubwa, nikaupasua katikati, nikatoboa vifundo vyake. Baba alikuja na ngazi bila kuombwa. Tulijaza kokoto kwenye shimo, tukaurudishia udongo msingi chini ya yale mawe mawili, tukaunganisha vipande viwili vya mwanzi kwa kamba na kuvifunga chini ya bati lililoinama. Alinishikia ngazi. Nilikuwa juu, na kamba katika meno, aliponiuliza.

"Mama yako alijua?"

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu baba kuniuliza swali juu ya kanisa lile. Nilitoa kamba mdomoni.

"Ndivyo alivyosema Mama Prezidanti."

"Hakuniambia."

"Nawe hukumwambia."

Aliiacha ngazi. Kule chini nilimwona anagusa mawe ya msingi kwa kiatu, moja baada ya jingine, akielekea upande wa dirisha. Alipofika mwisho alirudi kuanza tena.

"Lake ni lipi?" akauliza.

Sikujua. Nimeuliza wanawake wote waliobaki, na kila mmoja ananionyesha jiwe tofauti. Nimeyaandika yote matano kwenye daftari, na mchoro wa ukuta, na mishale. Mvua ilinyesha jioni ya siku ile ile tuliyofunga mwanzi. Mwanzi ulishika maji vizuri mpaka kwenye kiungo cha kati, na pale ukaanza kuyamwaga chini, karibu kabisa na shimo la zamani. Nikaenda kutafuta kamba nyingine.